Wadachi wa Bibi

Nilikaa ndani ya basi siku mbili kutoka Tunduma. Nililala Kahama, Nyakanazi nikashuka kula mahindi ya kuchoma, Ngara mjini nikapanda pikipiki hadi Ntobeye. Nimeishi miji mingi, rafiki yangu, na hakuna ulionishika. Pale kijijini nikakuta vijana kwenye banda la mpira wakibishania timu moja ya Ujerumani, ile ya jezi nyekundu, imechukua kombe la Ulaya mara ngapi. Wivu wa zamani ukanirudia. Nilimkumbuka binti wa jirani.

Alikuwa rika langu. Redio ya baba yake ilishika matangazo ya Kiswahili kutoka Ujerumani, naye alikariri kila kitu: jinsi timu ile ilivyotwaa kombe miaka mitatu mfululizo sisi hatujazaliwa, fainali ilizopoteza baadaye, hata bao gani lilifungwa kwa kichwa. Alikuja kusimulia siku za kukamua ndizi. Sisi tumeinama kwenye hori la mti, tunafinya ndizi mbivu kwa majani makavu mpaka viganja vinawasha, nyuki wanatuzunguka, na Bibi kamtegea sikio yeye. Mpira Bibi hakuwahi kuuona. Lakini baba yake Bibi alibebeshwa mizigo na Wadachi, yaani Wajerumani wa enzi ya ukoloni, basi Bibi alitaka kujua habari zao zote, ushindi na aibu.

Kwa Bibi, kibuyu cha kwanza cha umutobe, yale maji matamu kabla hayajawa pombe, kilikuwa cha mleta habari. Mjukuu wa damu nilikuwa mimi. Kibuyu alikunywa yeye.

Nikiwa kidato cha pili, timu ile ilifika fainali tena. Kesho yake asubuhi nilimkuta mwalimu njiani, akaniambia Wadachi waliongoza moja bila, zikabaki dakika chache, betri za redio yake zikaisha. Hiyo ilinitosha. Nilikimbia hadi horini, watu walikokuwa wakikamua.

"Shikamoo, Bibi! Wadachi wamechukua kombe!"

"Marahaba. Umesikia mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu, Bibi."

Akanipa kibuyu. Nilikimaliza bila kupumua. Ndipo binti wa jirani akaja, macho yamevimba.

"Wamefungwa, Bibi. Mbili moja, mabao yote mawili dakika za nyongeza."

"Mwenzio kasikia wameshinda."

"Kasikia wapi? Nyumba hii redio yake ni jogoo!"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. "Ulichokunywa si chako," aliniambia. "Kamua kingine, umpe." Akamgeukia yule binti. "Na wewe kaa hapa, mjukuu wangu, unieleze."

Mjukuu wangu! Nilikamua peke yangu, huku goti la yule binti likigusa la Bibi, akisimulia bao kwa bao.

"Maskini Wadachi," Bibi alisema. "Leo wamebeba mzigo wao wenyewe."

Tangu siku hiyo, nikileta habari yoyote, hata ya mvua ng'ambo ya kilima, alingoja binti wa jirani aithibitishe.

Leo Bibi hayupo. Migomba yake imekauka kwa mnyauko, hori sikuliona. Vijana wana simu, kila mtu anajionea mwenyewe, hakuna anayengoja kuletewa habari.

Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka, na sikurudi kuishi tena. Nilimwambia Bibi nitakuja Krismasi. Alimgeukia binti wa jirani, aliyekuwa akimenya ndizi kando yake.

"Kweli atakuja?"

Binti alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukataa. Bibi akamwamini.