Seli Zitakazonyamaza

Wanafunzi walimwita Bwana Chaki. Miaka yake yote chuoni aliimalizia kwenye swali moja: seli za neva zikiachwa zenyewe, bila kichocheo cha nje, zitaendelea kufyatuka, yaani kurusha ishara, milele? Katika hesabu zake, chaji ya seli ikipanda, uwezekano wa kufyatuka nao unapanda. Ikifyatuka, yenyewe inarudi sifuri na kuziongezea seli jirani chaji. Isipofyatuka, chaji inavuja kidogo kidogo. Yeye aliamini kwamba zikichocheana vya kutosha, hazitanyamaza kamwe.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mtakwimu wa hospitali. Siku moja, akimenya viazi, alimwambia, "Baba Pacha, zitanyamaza. Zitachelewa mpaka mtu aape hazikomi, lakini seli zikiwa na idadi yenye kikomo, ipo siku zote zitavuja bila hata moja kufyatuka. Nimeandika uthibitisho, usome."

Bwana Chaki akacheka. Alipousoma, kicheko kikamkauka. Mwanamke huyu kafanya jikoni kilichomshinda yeye ofisini!

Kisha akaona pengo: mkewe hakuonyesha kwamba chaji haiwezi kupanda bila mwisho. Dawa ya pengo hilo aliipata kabla chai yake haijapoa. Akarudisha karatasi. "Safi," alisema, na hakuongeza neno.

Idara ikamwalika Mama Pacha awasilishe kazi yake. Wale wale waliozoea kusinzia mumewe akizungumza, leo walikodoa macho. Roho ikamuuma Bwana Chaki kama jino bovu.

"Na chaji ikizidi kupanda tu?" mkuu wa idara akauliza.

Mama Pacha akapekua karatasi zake mara mbili, akamtazama mumewe. Bwana Chaki alishasimama.

"Ikipanda sana, seli hufyatuka upesi na kurudi sifuri," alisema akiandika ubaoni. "Haiwezi kukaa juu."

Makofi yakawa yake. Hakuficha utamu wake.

Njiani kurudi nyumbani mkewe aliuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu niliposoma."

"Ukaniacha niumbuke ili uje uniokoe?"

"Nilikuonea wivu."

"Mimi, mkeo?"

"Wewe hasa."

Walinuniana kwa muda mrefu, watoto wakawa ndio wapeleka salamu. Makala ya uthibitisho huo ilipotoka jaridani, jina la Mama Pacha lilitangulia, na mumewe hakubisha. Baadaye chuo kikamwajiri, kikampa chumba ubavuni mwa cha mumewe. Mpaka leo, wanafunzi wakicheka kwa Mama Pacha, Bwana Chaki huweka kalamu chini, akatega sikio ukutani.