Nelima Anataka Soko, Mumewe Anaogopa Umati

Nelima Makokha anaondoa mguu kwenye kanyagio na cherehani inanyamaza. Anakata uzi kwa meno, anaikung'uta sketi ya shule, kisha anampa jirani yake, Zuena, anayefanya kazi naye kwenye baraza moja mjini Bungoma. Zuena ndiye atakayeipiga pasi. Nelima hagusi pasi ya makaa, na cherehani ya umeme ameikataa kabisa.

"Hii ya kukanyaga, nikianguka inasimama yenyewe," anasema. "Ile ya stima ingenishona vidole."

Nelima, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ana kifafa. Kilimwanza utotoni baada ya malaria kali. Dawa zilikituliza kwa miaka mingi, hata wateja wengi hawakujua. Kisha mwezi Aprili dawa zikaadimika, akakaa siku kadhaa bila kumeza, na akaanguka sokoni katikati ya marundo ya mitumba.

Mtu mmoja alimtia kijiko mdomoni, akamvunja jino. Wengine walisimama mbali wakikemea pepo.

"Nilipoamka niliona viatu tu," anakumbuka. "Viatu vingi vimenizunguka, na hakuna mtu ananiita jina."

Mumewe, Hesbon, hakuwepo. Yeye hutunza miche ya miti katika kitalu kimoja mjini Kitale na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Alipewa habari kwa simu. Tangu siku hiyo, simu ikilia akiwa kazini, huacha kila kitu na kuikimbilia.

Kabla ya Aprili, wawili hao walikuwa wamepanga safari ya Kisumu, ya kwanza ya kujifurahisha tangu waoane. Nelima alitaka soko la Kibuye, aguse vitenge na kutazama mishono mipya. Hesbon, ambaye umati humchosha, alitaka hifadhi ya wanyama iliyo karibu na ziwa. Walikubaliana asubuhi iwe ya mmoja na alasiri ya mwingine.

Baada ya Aprili, Hesbon akaanza kuubadilisha mpango. Akasema siku nzima waimalizie hifadhini, soko wataliona wakati mwingine. Baadaye akasema mvua ni nyingi. Halafu akaacha kabisa kuitaja safari hiyo.

Wiki kadhaa zikapita. Jumapili moja, baada ya kanisa, binti yao Viola alipokwenda kuchota maji, Nelima alimuuliza mumewe.

"Baba Viola, unanionea aibu?"

"Si aibu," Hesbon akamwambia. "Mimi nikifunga macho naona watu wanakukanyaga. Na siku ile sikuwepo."

Hapo ndipo walipokubaliana wajaribu kwanza huko Kitale. Hesbon ndiye aliyechagua mahali: bustani ya miti nje ya mji, siku ya kazi, wakati ambapo hakuna watu. Mambo yakienda vizuri, wangepitia soko la Kitale wakirudi.

Nelima alikuwa na oda ya sare, kwa hiyo usiku wa kuamkia safari hakulala vya kutosha. Bustanini walitembea polepole, Hesbon akimwonyesha miti na kuitaja kwa majina. Alimuuliza jambo, hakujibiwa. Alipogeuka, Nelima alikuwa tayari anaanguka.

"Niliita, niliita bana, hakuna mtu," Hesbon anasimulia, sauti ikishuka. "Ni ndege tu walikuwa wanalia."

Alifanya kama muuguzi wa kliniki anakotibiwa Nelima alivyowafundisha. Alimlaza ubavu, akamlegeza kitambaa shingoni, akaweka koti lake chini ya kichwa chake. Hakumtia kitu mdomoni wala hakumshikilia kwa nguvu. Alijua kwamba degedege likipita dakika tano lazima afike hospitalini, lakini barabara ilikuwa mbali na asingeweza kumbeba peke yake. Alimwomba Mungu kwa sauti.

Degedege lilikoma kabla ya dakika tano kuisha. Nelima alifungua macho na kumtazama kama mgeni. Hesbon aliketi naye kwenye matope, akirudia jina lake, mpaka akaweza kusimama.

"Mimi niliogopa watu," anasema. "Kumbe pale hakuna watu ndio pabaya zaidi."

Jioni hiyo Hesbon alitaka safari ya Kisumu ifutwe kabisa. Nelima alikataa. Walirudi kwa muuguzi, naye akawaeleza kwamba kukosa usingizi ni hatari sawa na kukosa dawa.

Sasa wana mpango mpya wa Agosti, shule zikifungwa. Siku moja kabla ya safari, cherehani haitaguswa. Kibuye itakuwa asubuhi, Nelima akiwa na nguvu, na kwenye kila kibanda watakaposimama kwa muda watamweleza mwenye kibanda hali ya Nelima na la kufanya. Hifadhini wataenda mchana, wakae karibu na lango penye watu.

Hesbon anakiri kwamba bado moyo haujatulia. Wiki iliyopita alimuuliza tena mkewe kama ana hakika.

Nelima anaweka kitambaa kingine chini ya sindano, anakinyoosha kwa kiganja.

"Mimi pia naogopa," anasema. "Hata hapa mlangoni naweza anguka. Basi kama ni kuanguka, wacha nianguke nikiwa nimeona Kibuye."