Mama Mkwe Amemnyima Mwanangu Jina kwa Sababu ya Boileri

Mhariri wa ukurasa huu, nakuomba ufiche jina langu na la kampuni ninayofanyia kazi, maana Kasongo ni mji mdogo na watu wake wana masikio marefu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, Mkristo, nina mke wa ndoa ya kanisa na mtoto wa kike aliyezaliwa majuzi. Kazi yangu ni fundi wa umeme. Naandika hivyo kwa aibu, na mtaona kwa nini.

Bwana mkubwa wetu alipohama kurudi Ubelgiji aliniachia boileri yake ya zamani, lile pipa la umeme la kupashia maji ya kuoga. Nikalifunga katika chumba cha kuogea cha nyumba yangu ya kampuni. Mtaani kwetu sisi Waafrika hakuna mwingine aliyekuwa na kitu hicho, na mimi sikumwacha mtu asijue. Mke wangu alipojifungua, mama yake akaja kutoka kijijini kwao Wamaza kumkanda kwa maji ya moto, kama desturi. Akaomba mafiga na kuni. Mkwe hasemeshwi uso kwa uso, kwa hiyo nilimjibu kupitia kwa mke wangu kwamba nyumba hii haijui moshi, maji yanachemka yenyewe.

Boileri ikaniumbua siku ileile. Maji yakianza tu kupata moto, disjontere, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukienda kombo, inaanguka na nyumba nzima inakuwa giza. Nikachomoa pasi, nikachomoa redio, nikazima taa: bado. Nikabadilisha waya wa ukutani na kukaza skrubu zote, bado. Majirani wakaniuliza kama mwanangu anaogeshwa kwa maji au kwa giza.  Mama mkwe alikwenda kwa jirani kuomba kuni, na hilo ndilo lililonichoma.

Hapo nikafanya jambo ambalo kila fundi hukatazwa siku za mwanzo kabisa za kazi. Nilikata waya wa ardhini, ule unaoushusha udongoni umeme uliotoroka. Disjontere ikatulia. Lakini ugonjwa haukupona, ulinyamazishwa tu. Umeme uliokuwa ukitoroka sasa ulibaki juu ya pipa na bomba. Nilishika bomba nikiwa nimevaa buti zangu za mpira, sikusikia kitu, nikajidanganya kwamba ni kidogo, nitalifungua pipa siku nikipata nafasi. Mke wangu nilimwambia imepona.

Kisha mvua ikaangusha ua wa majani ambamo mama mkwe alikuwa akiogea. Nikamwambia mke wangu amwalike aogee ndani. Jibu likarudi: "Mama anasema mukwe haogi pahali mukwe wake anaoga. Ni mwiko."

Ningeishia hapo. Kiburi kikanisukuma. Nikamwambia mke wangu: "Mwambie hayo ni mambo ya zamani. Kama anakataa maji yangu, anikatae na mimi." Mama wa watu, kwa ajili ya binti yake, akakubali.

Jioni ile nilisikia ukelele mmoja tu. Nikakata umeme, nikakimbilia ndani. Alikuwa ameanguka chini ya bomba, hana nguo. Nilimwona. Nilimwinua kwa mikono yangu hii, nikamfunika kikwembe chake, kitenge alichokuja nacho kuogea. Akafumbua macho, akaona ni nani amemshika, akayafumba tena. Namshukuru Mungu hakufa, aliungua kiganja tu.

Mke wangu alikuwa kitandani na mtoto, akauliza kuna nini. Nikasema mama ameteleza, nimemrushia kikwembe mlangoni, ametoka mwenyewe. Mama mkwe aliusikia uongo huo akiwa ameketi pale pale bafuni. Hakunipinga. Asubuhi alipanda lori la pamba akarudi Wamaza.

Tangu siku ile mke wangu anamlaumu mama yake. Analia kwamba amemtupa angali mzazi mbichi kwa sababu ya kuteleza bafuni. Nami nakaa pembeni nikisikia mwanamke asiye na kosa akisemwa vibaya.

Kwetu jambo hili, kumwona mama mkwe uchi, lina dawa yake. Mkwe mwanamume anachukua kikwembe kipya na kuku mweupe, anakwenda mbele ya wajomba wa mke, anataja alichokiona, mama anapokea nguo, aibu inaisha. Lakini nikitaja mbele ya wanaume wale ni kama namvua nguo mara ya pili, na yeye mwenyewe amechagua kunyamaza. Watamuuliza pia alitafuta nini katika bafu la mkwe wake. Nisipotaja, hatakanyaga kwangu wala hatampakata mjukuu wake maisha yake yote.

Binti wa kwanza kwetu hupewa jina la bibi mzaa mama. Ubatizo ni Jumapili na padre anangoja jina. Jana dereva wa lori alipita na ujumbe, akausema mbele yetu wote wawili: "Mama anasema mutoto asipewe jina lake. Hataki liitwe mu nyumba ile."

 Dereva alipoondoka, mke wangu akanigeukia: "We ulimufanyia mama nini?"

Nikamjibu sijui.

Wasomaji, msinionee huruma, nitukaneni mkipenda, ila nipeni na shauri. Nipeleke kikwembe na kuku Wamaza, au niifiche siri ya mama huyu kama anavyoificha yeye? Na mke wangu nimwambie nini kabla ya Jumapili? Mtoto amelala hapa ninapoandika, na sote humu ndani tunamwita "mtoto" tu.