Kanyere na Chukudu ya Marehemu

Anayetaka kukasirika na akasirike, lakini siku ya kumaliza matanga ya Honoré, ukoo wake ulifanya upuuzi mtupu. Waliketi kwenye viti vya kuazima, wakala maharage ya mjane wake, wakashiba, kisha papa Julien, baba mdogo wa marehemu, akaanza kugawa vitu. Koti kwa huyu, redio kwa yule. Chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, akampa Prodige, mdogo wa marehemu. Kanyere, mjane mwenyewe, mwenye watoto wanne wa kulisha, akapewa brueti kuukuu, ile ya gurudumu moja na mikono miwili.

"Chukudu ni kitu ya mwanaume," papa Julien alisema. "Weye mama, brueti itakusaidia kwa kuleta maji na kutupa buchafu."

Kanyere akainamisha kichwa, akasema asante. Asante! Neno hilo lilimkaa kooni miezi miwili kama mwiba wa samaki, na kila alipolikumbuka alijitukana.

Maana yeye ndiye aliyejua chukudu ile ilikuwa nini nyumbani mwake. Ubao mrefu wa mkaratusi, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi, usukani mpana kama pembe za ng'ombe. Honoré alikuwa akiisukuma mlimani hadi Kibumba, anaijaza kabeji, kisha barabara yenyewe inamteremsha hadi Goma, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukisukuma. Uzito wote unabebwa na magurudumu, si na mtu. Kanyere alizipokea kabeji sokoni, akaziuza, na watoto wakala. Brueti nayo ni kitu kizuri, hakuna anayeidharau, lakini ni ya safari fupi: mchanga, mawe, madumu ya maji. Nusu ya mzigo wake unaubeba wewe kwa mabega yako.

Hata hivyo alijaribu. Alishuka nayo kutoka Kibumba siku nzima. Mteremko ulikuwa unamvuta. Akikaza mikono inachubuka, akilegeza kabeji zinamwagika barabarani na pikipiki zinazikanyaga. Alipofika sokoni wanunuzi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Watoto walikula kabeji tupu bila chumvi, na juma lililofuata hata kabeji hazikuwapo.

Na Prodige je? Prodige hakupanda Kibumba hata mara moja. Mtu huyo na milima hawajawahi kupatana. Alipata kazi kwenye jengo moja mtaani Himbi, kubeba mawe na zege kutoka getini hadi walipo waashi, hatua arobaini. Hatua arobaini, kwa chukudu! Ubao ule hauna kingo. Mawe yalikuwa yanaporomoka kila alipokata kona, zege inamwagika njiani, waashi wanamcheka, na msimamizi alikwisha kumwonya mara mbili. Kazi ile ilikuwa inaililia brueti, na kila mtu pale aliona isipokuwa yeye.

Kanyere aliposikia, alikwenda Himbi kwa miguu. Aliikuta chukudu imelala kwenye saruji, shingo imepasuka pale usukani unapoingia. Machozi ya hasira yakamtoka.

"Prodige, unafanyaka nini na chukudu ya bwana yangu? Ona shingo!"

"Ni ya kaka yangu, shemeki. Na usinipigie makelele mbele ya batu."

"Sikiya basi. Brueti iko kwangu, inalala tu. Chukuwa brueti, unirudishie chukudu. Weye utafanya kazi yako muzuri, na miye nitapanda Kibumba."

Waashi walisimamisha kazi. Msimamizi akaitikia kwa kichwa, maana lilikuwa neno la akili. Prodige aliwatazama mmoja mmoja, uso ukamkauka.

"Miye nisukume brueti, na mwanamuke apande chukudu? Mwanamuke hapigake magoti kwa chukudu! Afazali niipasule, ikuwe kuni."

"Kwa kanisa ninapigaka magoti kila dimanshi, na hakuna mutu ananikatazaka!"

Kuni! Hapo ndipo heshima ilipoisha. Kanyere alishika usukani, akaiburuta chukudu hadi getini na kuondoka nayo, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alikwenda moja kwa moja kwa Damascène, fundi wa chukudu, ambaye kwa mkopo aliweka shingo mpya na kupigilia kipande cha tairi nyuma kiwe breki. Papa Julien alituma neno: chukudu irudi, la sivyo ukoo hautamjua tena. Kanyere alimuuliza mjumbe ukoo ulianza kumjua lini.

Jumamosi alfajiri akapanda Kibumba. Alipanga kabeji nzito chini, nyepesi juu, akazifunga kwa kamba za mpira, akapiga goti. Mwanzoni aliogopa hadi meno yakagongana. Kisha chukudu ikakolea mwendo, inanguruma juu ya barabara, wanaume wanapiga mayowe kandokando, wanawake wanapiga vigelegele.

Mji unapoanza, akawaona. Papa Julien alikuwa pembeni. Prodige alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza.

"Simama! Shuka pale juu!"

Mguu wa Kanyere ulikuwa umekwisha kufika kwenye breki. Nafasi ya kusimama ilikuwapo, tena kubwa. Akauondoa mguu. Prodige aliruka dakika ya mwisho, akaangukia kwenye mawe makali ya volkano, suruali ikachanika hadi pajani.

"Utaua mutu, mama!" papa Julien alipiga kelele.

"Miye mulinizika pamoja na Honoré," Kanyere alijibu bila kugeuza kichwa, "na hamukulia!"

Alifika sokoni mapema, kabeji bado zina umande.