Herufi za Bi Zuwena

Mwanangu, iko asubuhi moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini ambayo mpaka leo hainitoki. Nilikuwa kijana, nimetoka kusomea kompyuta, na hapa Mji Mkongwe sisi tuliojua kuandika programu tulikuwa wa kuhesabika. Kiburi nilikuwa nacho, sikufichi.

Bi Zuwena, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Malindi, alikaa miaka sita akiwaandika wazee wa kisiwa cha Tumbatu: hadithi zao, maneno yao, majina ya nyota na samaki. Yote aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, moja kwa moja kwenye kompyuta yake kuukuu. Ilipoanza kuzimika ovyo, akaniita nimhamishie kazi kwenye mpya.

Sasa fahamu hili. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba; iko orodha inayosema namba hii ni alifu, ile ni be. Orodha hizo ni nyingi, na orodha ile ile huitwa jina hili kwenye mashine moja, jina jingine kwenye nyingine. Kazi yangu ilikuwa kuifundisha programu jina la mashine ya zamani ndilo lipi kwenye mpya. Nikakuta majina mawili, yote yametaja Kiarabu. Nikasema ni orodha moja. Sikujaribu hata ukurasa mmoja. Nikaiamuru programu ibadilishe kila kitu na iandike juu ya maandishi ya zamani, yafutike, bila nakala.

"Nsomee ukurasa wa kwanza," alisema Bi Zuwena. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu.

Nikafungua. Alama za kuuliza, mstari baada ya mstari. Nikafungua wa pili, wa kumi. Ni hizo hizo. Kumbe zilikuwa orodha mbili, na kila namba ambayo programu haikuitambua imeiandika alama ya kuuliza.

"Kumeandikwa nini, mwanangu?"

"Bi, herufi zimepotea. Nimekosea mimi."

"Basi zirudishe."

"Hazirudi, Bi. Zote zimekuwa alama moja, na za zamani nimezifuta."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alikaa, mikono mapajani.

"Bi Mize alonihadithia nshamzika," akasema. "Mzee Makame wa majina ya nyota nshamzika. Ntamuuliza nani?"

Wiki tatu nilihangaika. Sikupata hata neno moja. Bi Zuwena hakuandika tena. Kabla hajafariki, mwaka uliofuata, aliniambia amenisamehe, na msamaha ule ulinichoma kuliko matusi.

Sina la kukufariji nalo. Nakuusia tu: vitu viwili vikifanana majina, usiseme ni kimoja mpaka umevifungua ukaviona. Na kazi ya mtu usiiguse kabla hujaiwekea nakala pembeni. Maneno ya wazee wale hayapo tena, wala hayupo wa kuyasema.

Mungu akujaalie subira ya kutazama mara mbili, mwanangu, na akuepushe na kosa lisilo dawa. Amin.