Pa Kupita

Mwaka wangu wa kwanza chuoni tulipewa kazi ya kuandika jinsi kila mmoja wetu alivyojifunza kusoma. Kurasa chache tu, mkufunzi alisema, na tuandike ukweli. Wenzangu wakafurahi, maana kazi yenyewe haikuhitaji vitabu. Mimi nikanuna. Nina hasira za karibu, na hakuna kinachoniwasha kama kuambiwa niandike ukweli, kana kwamba ukweli uko kabatini nami ninazo funguo.

Nikaandika uongo mzuri. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye sauti laini, chaki, ubao, jua la asubuhi dirishani, mtoto ananyoosha kidole. Mkufunzi wetu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mwenye subira isiyoisha. Akanirudishia karatasi na swali moja tu pembeni: huyu mtoto ni nani? Nikatoka pale nimefura. Nikaenda kukaa nyuma ya maktaba, kwenye ngazi ambazo hakuna anayezitumia, nikatazama mawingu. Chuo chetu kiko mbali na kwetu, kwenye nchi tambarare, na mtu aliyekua chini ya Mlima Hanang akikosa mlima, macho yanazurura tu. Nilikaa pale mpaka hasira ikachoka yenyewe.

Ndipo mchana mmoja wa Gendabi, kijijini kwetu, uliponijia, wenyewe, bila kuitwa. Ukungu umeshuka hadi kwenye vichwa vya mahindi. Ng'ombe wanasikika ila hawaonekani. Mama amekaa mlangoni, mimi nimekaa katikati ya miguu yake, mgongo wangu kifuani kwake, na mbele yetu kuna pakiti ya mbegu. Kidole chake kinakwenda polepole chini ya herufi, na sauti yake inapita juu ya kichwa changu. Nilikuwa na umri gani, siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba Kiswahili nilikuwa sijakijua bado. Nyumbani tulikuwa na Kibarabaigi tu. Kwa hiyo Kiswahili na kusoma viliniingia pamoja, kwa mdomo uleule.

Mama hakwenda shule. Alifundishwa kusoma na jirani yetu, mama wa Kiiraqw aliyehamia kwetu kutoka Gitting, kule kwenye baridi, mtu wa kanisa na wa jembe. Walikuwa wakipukuchua mahindi pamoja, na jirani anachora herufi kwenye vumbi kwa gunzi. Mama alishika upesi. Ila alisoma kwa mdomo, na hadi leo anasoma kwa mdomo. Kusoma kimya, anasema, ni kuangalia tu.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Kwetu Wabarabaigi mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki, awe hai awe amekufa, na maneno yanayofanana na jina hilo nayo anayaacha. Anatafuta jingine la kuzungukia. Babu yangu mzaa baba alizaliwa wakati watu wake wanahama na ng'ombe kwenda Balangdalalu, akapewa jina la mahali alipozaliwa. Alizaliwa njiani, na jina lake ndilo hilo, njia, kwa lugha yetu. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Anayelitaka aje Gendabi aulize.

Wake wengine heshima yao huishia kwenye Kibarabaigi. Mama yangu, loh, mama yangu alivuka mpaka. Alipojifunza Kiswahili na kugundua neno lenye maana ileile, nalo akaliacha. Afadhali kuzunguka boma zima, alisema, kuliko kuruka ua wa mkweo.

Basi kidole chake kilipofika kwenye njia, mdomo wake ulisema pa kupita. Kilipofika kwenye njaa, kwa kuwa maneno hayo yanakaribiana mno, ulisema tumbo tupu. Njiwa akawa ndege wa kijivu. Mimi nikayaweka yote kichwani jinsi yalivyokuja: n, j, i, a, pa kupita. Kwa nini nibishe? Herufi zote zilikuwa maajabu kwangu, na hilo halikuzidi mengine.

Kwenye ukuta wa shule yetu ya msingi palikuwa na maandishi ya rangi ya bluu, yale yale ya shule nyingi: Penye nia pana njia. Siku za mwanzo kabisa mwalimu akauliza nani anaweza kuyasoma. Watoto wakatazama miguu yao. Nikasimama mimi, kifua mbele, nikasoma kwa sauti: Penye nia pana pa kupita.

Mwalimu akaniambia niangalie vizuri, nisome tena. Nikaangalia vizuri, nikasoma vilevile, kwa nguvu zaidi. Darasa zima likacheka. Watoto waliokijua Kiswahili tangu kanisani walicheka kwa sababu wameelewa, na wa kwetu wakacheka kwa sababu wengine wanacheka. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alidhani nimekariri maneno bila kuzijua herufi, akanirudisha kwenye a, e, i, o, u. Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilikuwa nimefunzwa na mama, na bado ulimwengu ulinifunza upya, kwa kuanza kunifuta.

Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, nikamuuliza mama mbona amenidanganya. Hakujitetea. Alinimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu, akangoja nimalize, akasema shuleni nisome la shuleni, na hapa nyumbani tutasoma letu. Nikaona hajanijibu. Kwa muda mrefu nilisoma naye nimevimba mashavu.

Hayo yote ndiyo yaliyokuwa rasimu ya pili. Niliiandika nikiwa kama nimesinzia, mkono unauma, ukungu umejaa chumba cha bweni ingawa nje ni jua kali. Gunzi, pakiti ya mbegu, pa kupita, jina la babu, vyote vikaingia. Mkufunzi alipoisoma akavua miwani. Alisema mtoto sasa anamwona, ila nimeweka hasira nyingi na mama kidogo. Nikarekebishe, na nakala ya mwisho niilete baada ya likizo. Nikamwongeza mama, mstari hapa, mstari pale, na kila nilipomwongeza hasira ilipungua bila mimi kuifukuza.

Kisha, kwa maringo yangu, nikapiga simu nyumbani. Nikamwambia mama kwamba nimeandika habari zake na mkufunzi amezipenda. Upande ule nikasikia upepo, kengele ya ng'ombe.

"Ukija likizo uje nayo," akasema. "Nataka niisome mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Jamani. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika. Mama hajawahi kusoma kitu kilichoandikwa juu yake. Mbegu amesoma, dawa ya kuogeshea ng'ombe amesoma, vitabu vya nyimbo amesoma, na wimbo ukifika kwenye neno lile anameza mate na kudakia linalofuata. Lakini habari zake mwenyewe, kwa mkono wa mwanawe, hajawahi. Na habari hizo nilikuwa nimezijaza neno asiloweza kulitamka, pamoja na jina ambalo halijapita kinywani mwake tangu aolewe. Nilitaka ajione kwenye karatasi ile kuliko nilivyotaka alama yoyote ya chuo. Sasa ningempa asome, akwame mstari wa kwanza, akwame wa pili, mpaka aikunje na kunirudishia.

Nikaanza kusafisha. Hapo ndipo nilipojua Kiswahili chetu cha chuo kimejaa njia. Kwa njia hii, kwa njia ile, njia za kufundishia, kwa njia moja au nyingine. Nikang'oa zote. Babu nikamwita mzee mmoja wa ukoo, halafu hata huyo nikaona analeta hatari, nikamtoa. Kwenye ukuta wa shule nikaandika kwamba palikuwa na methali. Methali gani? Methali tu.

Siku zile zilipita kama usingizi wa mchana. Naandika, nafuta, nazunguka, na mara nyingine nilijikuta nasogeza midomo na sauti inayotoka ni ya mama. Niliota natembea Gendabi ndani ya ukungu. Najua ninakokwenda, nawasikia ng'ombe, nasikia mtu anapukuchua, lakini kila nikitaka kusema nilipokanyaga sina neno. Niliamka nimechoka, nikaendelea kufuta.

Mkufunzi alipoiona rasimu hiyo aliisoma, akairudia. Akauliza taratibu, si hii ni hadithi ya neno? Na neno lenyewe liko wapi? Nikamweleza. Hakunicheka. Alisema kwao pia kuna mambo ya wakwe, anaelewa kabisa, ila msomaji asiyejua chochote ataambulia nini? Uamuzi ni wangu, alisema, yeye atasahihisha nitakayomletea. Nilitamani aamue yeye ili nimkasirikie. Nikaondoka likizo na zote mbili ndani ya begi, moja ya chuo, moja ya mama, nikijiambia kila mtu atapata yake, ya nini kujisumbua. Nikajisumbua safari nzima.

Nilifika mchana. Mlima ulikuwa umejifunika nusu. Nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba, akanishika kichwa kwa viganja vyote viwili, akauliza habari za safari na za masomo, na kabla sijaonja chai akauliza iko wapi. Akanawa mikono, akaifuta kwenye kitenge, akakaa mlangoni. Nikampa ile iliyosafishwa.

Aliisoma yote. Kidole chini ya herufi, sauti ileile, hakukwama hata mara moja. Nikaona nimeshinda. Alipomaliza alizipanga karatasi magotini, akatazama uwanja ulivyokuwa unamezwa na ukungu. Nilingoja afurahi, hakufurahi.

"Na mzee umempeleka wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimemtoa kwa ajili yake, ili asome bila kuzuiwa.

"Mimi ndiye mkwe," akasema. "Wewe ni damu yake. Mimi nisipomtaja, nimemheshimu. Wewe usipomtaja, umemsahau."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Alipoanza kwenda kwa jirani kujifunza, watu wa boma walimsema, eti mke mwenye kitabu ataacha ndama wafe kwa kiu. Babu ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia wamwache, huyu atakuja kutusomea dawa za ng'ombe. Na kila alipotoka kwenda kwa jirani, mzee mwenyewe, mtu mzima na heshima zake, alikaa kuangalia ndama. Mama alipokuwa ananisimulia alikuwa ameinamisha uso, kama mtu aliye mbele ya mkwewe. Ningewezaje kujua? Nilikuwa nimemfuta mtu aliyemruhusu mama asome, na nilimfuta ili mama asome.

Akasema anajua kuna nyingine, ile aliyoipenda mkufunzi. Nikakubali ninayo.

"Ilete. Pale nisipoweza, utanisaidia."

Nikaileta, nikakaa kando yake bega kwa bega. Akaanza. Ukungu, mahindi, gunzi, jirani yake, alivisoma vyote na kucheka kidogo pa kuchekea. Alipofika kwenye jina la babu, kidole kikasimama chini yake na midomo ikafunga. Nikalitamka mimi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Alipofika kwenye njia akasimama, nikasema njia. Kwenye njaa akasimama, nikasema njaa. Tulipofika kwenye ukuta wa shule alisoma penye nia pana, akangoja, nikamalizia, tukacheka wote wawili. Tukawa tunakwenda hivyo, bila haraka, chai inapoa, ng'ombe wanarudi ndani ya ukungu, na sijawahi kusoma kitu kwa raha kama ile. Nakala hiyo ndiyo niliyompelekea mkufunzi baadaye, sikubadilisha kitu.

Karibu na mwisho akasimama tena. Kidole kimetulia, midomo imefunga. Nikainama nione ni neno gani ili nilisome. Halikuwa jina la babu, wala halikufanana nalo kwa lolote. Pale, kwenye mstari niliokuwa nimeufuta katika ile iliyosafishwa, palikuwa pameandikwa kwamba mwalimu wangu wa kwanza ni mama yangu. Nikamtazama usoni, kisha nikarudi kwenye karatasi, nikamsomea.