Shemeji na Ghala Lililotugomea

Fundi bora wa kompyuta kwenye jengo letu ni mimi. Shule niliiacha darasa la sita, walimu walikuwa wananichelewesha. Lakini leo nasimulia habari za shemeji, mke wa kaka yangu, na nitajitahidi nisijitaje sana.

Shemeji alikuwa mshonaji. Meza ya cherehani yake bado iko chumbani kwake ghorofa ya chini, siku hizi inabeba kompyuta. Kutengeneza programu alijifunza mwenyewe, mtoto mgongoni, na baada ya miaka mitatu ya kukesha akapata mfumo wa foleni wa zahanati ya jirani: unapewa namba, unakaa, ikiitwa unaingia. Kabla ya hapo kina mama walikuwa wanasukumana mlangoni.

Siku moja kompyuta ya zahanati ikafa. Shemeji akaletewa nyingine, tupu kabisa, na muuguzi mkuu, mama asiyerudia neno, akampa mpaka saa nane mchana, kliniki ya watoto inapoanza. Ikishindikana wanarudi kwenye daftari, na mfumo ndio basi tena.

Vipande vya kujengea mfumo vinapakuliwa bure kutoka ghala la programu mtandaoni. Bure, ila kwa kipimo. Asiye na akaunti anaruhusiwa kuomba mara mia kwa saa sita, mwenye akaunti mara mia mbili, anayelipia hahesabiwi. Shemeji hana akaunti, hajawahi kuihitaji, na ukiomba leo wanakukagua hadi kesho. Saa nne asubuhi akaomba kipande cha kwanza. Ghala likamjibu kwamba mia zake zimeisha, asubiri.

Hata kimoja alikuwa hajachukua.

Nikashuka kumcheka. Nikamwambia nyie washonaji mkiharibu kitambaa mnasingizia mkasi. Hakucheka. Akasoma lile jibu mara tatu, kidole kwenye kioo.

"Hawahesabu mtu, wanahesabu laini," akasema. "Shemeji, laini hii tuko wangapi?"

Jengo zima. Nani aliyeunganisha jengo zima kwenye laini moja ya intaneti, akajisifu nayo mwezi mzima? Sitaki kujitaja. Kwa ghala, sisi sote ni mtu mmoja.

Akapanda ngazi, mlango kwa mlango, akiuliza kila kompyuta inafanya nini. Mpiga picha, hapana. Mchapishaji wa kadi, hapana. Mimi nyuma yake namtania, mpaka ghorofa ya tatu, mlangoni kwangu, utani ukanikauka mdomoni.

Kompyuta yangu ilikuwa kazini. Nilikuwa nimenakili mfumo wake ili niwaonyeshe wateja, na nikauamuru uulize ghalani kila dakika kama kuna vipande vipya zaidi, maana mimi kitu cha jana sikitaki. Kila ulizo linahesabiwa.

Shemeji akainamia kioo, akauona mfumo wake.

"Hii kazi ya nani?"

"Yako."

"Na wateja unawaambia ya nani?"

Nikakohoa kidogo. "Yangu."

Nilitegemea matusi, na nilikuwa na majibu tayari. Hakunipa nafasi. Akaniambia nizime yale maulizo, kisha nimfungulie pale vipande vinapohifadhiwa. Vilikuwepo vyote, vilevile anavyovitaka, wala ghala halikuhitajika tena.

"Beba," akasema.

Nikabeba kompyuta ghorofa tatu, yeye kashika waya. Akaziunganisha mbili hizo juu ya meza ya cherehani, akaanza kuhamisha, na chakula alichowekewa kikapoa pembeni bila kuguswa.

Saa nane kasoro dakika kumi tulikuwa zahanati, kina mama wamejaa kwenye mabenchi. Muuguzi mkuu akaukagua mfumo, akauliza nani kautengeneza. Shemeji akaniangalia mimi.

"Ni shemeji," nikasema. "Mimi nimebeba tu."

Na nilibeba vizuri, ulizeni mtu yeyote. Namba moja ikaitwa, mama mmoja akainuka na mwanawe, akaingia bila kusukumwa na mtu.